Siku moja maishani mwangu: kuandaa kipindi kuhusu Peggy Ashcroft

Saa 1:00 asubuhi nilikuwa tayari mezani, nikiupitia muswada wa kipindi cha redio kumhusu Peggy Ashcroft, mwigizaji wa Uingereza aliyezaliwa Croydon mwaka 1907 na kufariki mwaka 1991. Kazi yangu hapa London ni kuandaa vipindi vya Kiswahili kuhusu historia ya tamthilia, na katika wasanii wote niliowahi kuandika habari zao, huyu ndiye ninayemthamini zaidi. Miaka yake ya mwanzo niliipitia upesi: mafunzo katika chuo cha Elsie Fogerty, alikosoma pamoja na mwigizaji Laurence Olivier, kisha kupanda jukwaani Birmingham mwaka 1926. Aya moja ilitosha.

Saa 3:00 mhariri wangu aliyeko Nairobi alinipigia simu. “Dada, tuanze na Oscar,” alisema, “maana hapo ndipo msikilizaji wa Kisumu au Tanga atakapomfahamu.” Hoja yake niliielewa, lakini sikukubaliana nayo. Tuzo hiyo aliipata mwaka 1985, akiwa na umri wa miaka 77, kwa kuigiza nafasi ya Bi. Moore katika filamu ya A Passage to India, na kufikia wakati huo alikuwa ameshalitumikia jukwaa kwa karibu miaka 60. “Nipe hadi jioni, kaka,” nilimwomba, “nitakuletea mwanzo mwingine.”

Saa 5:00 nilifika mtaa wa Strand, mbele ya ukumbi wa tamthilia wa Savoy, kunasa sauti za mahali penyewe. Ukumbi huo uliungua mwaka 1990, ukajengwa upya kwa kufuata mapambo yake ya mwaka 1929, na kwa hiyo anayeingia leo huona takriban kile walichokiona watazamaji wa Mei 1930, pale Ashcroft, binti wa miaka 22, alipoigiza Desdemona katika tamthilia ya Shakespeare, Othello, na Paul Robeson, mwimbaji na mwigizaji Mmarekani mweusi, akaigiza Othello, mumewe. Mwaka uliotangulia, Robeson alikuwa amekataliwa kuhudumiwa katika mkahawa wa hoteli ya Savoy, iliyo papo hapo kando ya ukumbi. Waandishi wa habari walitaka kujua kama Ashcroft haoni vibaya kubusiwa jukwaani na mtu mweusi, naye akawajibu kwamba kuigiza na msanii mkubwa kama yule ni heshima kwake. Nikiwa nimesimama pale na kinasa sauti mkononi, niliamua kwamba kipindi kitaanzia hapo, kwa kuwa ndipo tunapomwona mtu kamili badala ya jina lililoandikwa kwenye tuzo. Isitoshe, Robeson huyo baadaye alijifunza Kiswahili hapa hapa London, na katika filamu yake moja ya mwaka 1935 Jomo Kenyatta alionekana katika nafasi ndogo.

Saa 7:00 mchana nilitembea hadi St Martin's Lane, kwenye ukumbi ambao zamani uliitwa New Theatre. Mwaka 1935 Olivier na mwigizaji mwenzake John Gielgud walibadilishana hapo nafasi za Romeo na rafiki yake Mercutio, katika tamthilia ya Shakespeare, Romeo and Juliet, na masimulizi mengi huishia kwenye ushindani wa wanaume hao wawili. Mimi humfikiria zaidi Juliet, kwa sababu Ashcroft alibaki katika nafasi yake huku mpenzi wa jukwaani akibadilika kwa sauti, kwa mwendo na kwa namna ya kuyatamka mashairi, na ilimbidi ampende kila mmoja upya.

Kuanzia saa 9:00 alasiri nilijifungia studio na rekodi ya The Wars of the Roses, tamthilia za Shakespeare kuhusu vita vya kugombea taji la Uingereza, iliyoonyeshwa Stratford mwaka 1963 na kundi la Royal Shakespeare Company, kisha ikarushwa na televisheni ya BBC mwaka 1965. Ashcroft, aliyekuwa na miaka 55 ilipoanza kuonyeshwa, anaigiza Margaret tangu akiwa msichana wa Kifaransa anayeletwa kuolewa na mfalme hadi anapokuwa mzee aliyebaki na laana tu. Nilikawia sana kwenye tukio la York, adui yake aliyetekwa: Margaret anampa York kitambaa chenye damu ya mwana wa York aliyeuawa, ajifutie machozi, kisha anamvika taji la karatasi. Nililisikiliza tena na tena bila kutazama picha, kwa sababu wasikilizaji wangu hawatakuwa na picha, na nikaliacha liende bila kuingiza maelezo yangu katikati.

Saa 12:00 jioni nilimsomea mhariri mwanzo mpya. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Haya dada, anza na Robeson, lakini Oscar usiiache.” Sikuiacha. Imo dakika za mwisho, baada ya Winnie wa tamthilia ya Samuel Beckett, Happy Days, mwanamke aliyefukiwa udongoni hadi kiunoni na baadaye hadi shingoni, ambaye Ashcroft alimwigiza akiwa na miaka 67. Nimeeleza pia kwamba usiku wa tuzo hakuwepo Los Angeles, na Angela Lansbury ndiye aliyempokelea. Saa 3:00 usiku nilituma faili Nairobi.