Mwalimu wa Miezi Minane

Somo la wiki: 1 Wathesalonike 2:7-12, kisha 2:17 hadi 3:8

Wapendwa katika Bwana, amani iwe kwenu.

Machi ni mwezi wa kuagana Japani. Mwaka wa shule unaisha mwezi huo, mwingine unaanza Aprili, na katika siku chache zilizo katikati walimu wa shule za serikali huhamishwa. Wenyeji wenyewe hawaachwi kituo kimoja maisha yao yote. Baada ya miaka kadhaa mwalimu hupelekwa shule nyingine, na majina ya wanaohama huchapishwa hadi magazetini. Kisha shule hukusanyika ukumbini. Wanaoondoka hupanda jukwaani mmoja mmoja, husema machache, hupokea maua, hushuka wakipita katikati ya wanafunzi wanaopiga makofi. Nilikaa katika ukumbi wa namna hiyo kule Hokkaido, kisiwa cha kaskazini mwa Japani, nikiwa mwalimu msaidizi wa Kiingereza, mkataba wangu ukihuishwa mwaka hadi mwaka, nikawapigia makofi wenzangu, na hatimaye zamu yangu ikafika.

Nawaandikia haya kwa sababu najua wengi katika ushirika huu mko kwenye maisha ya mkataba. Wengine mko Muscat na Doha, wengine Ulaya, wengine mmepangiwa kituo mkoa ambao hamkuwahi kuuota. Tarehe ya kuondoka mnaijua kabla hamjafungua mizigo.

Jaribu kubwa la mtu wa namna hii ni kuubania moyo wake. Anajiambia: mimi wa kupita, nisizoee sana. Kazini hachelewi, vipindi anafundisha vizuri, kodi ya nyumba analipa kwa wakati, ila yeye mwenyewe hayupo. Lugha ya wenyeji anajifunza ile ya dukani tu. Jina la jirani halijui, na jirani wa Kijapani, kwa adabu aliyolelewa nayo, hatamsumbua kamwe. Mtu anaweza kuishi hivyo miaka miwili, mitatu, akaondoka na barua nzuri ya mwajiri, na hakuna hata mmoja aliyepata kumfahamu. Naogopa maisha hayo kuliko ninavyoogopa dhambi nyingi tunazozikemea madhabahuni.

Sisi tunaokaa mbali na kwetu tunaipenda sana barua ya Yeremia 29. Jengeni nyumba, pandeni bustani, utakieni mji amani. Nimeitegemea mimi pia. Lakini wale watu waliambiwa miaka 70. Walikuwa na muda wa kuoza watoto wao na kuona wajukuu. Mwenye mkataba wa mwaka mmoja atapanda bustani gani? Kwa mtu huyo naona Paulo aliyepita Thesalonike ana neno la karibu zaidi.

Someni Matendo 17. Luka anataja sabato tatu ambazo Paulo alihojiana na watu katika sinagogi. Hata tukikubali kwamba alikaa zaidi kidogo, maana Wafilipi walimpelekea msaada huko zaidi ya mara moja, bado ni kipindi kifupi. Fujo ikazuka, nyumba ya Yasoni ikavamiwa, na usiku uleule ndugu wakamsindikiza Paulo na Sila kwenda Beroya. Hakukuwa na ukumbi wala maua. Sasa tazameni anavyowaandikia watu hawa wa muda mfupi. Anasema alikuwa kwao kama mama anayelea watoto wake mwenyewe, kisha kama baba. Alifanya kazi usiku na mchana asimlemee mtu. Na katika mstari wa 8 anasema lile ambalo ningependa tulibebe wiki nzima: aliona furaha kuwapa, pamoja na Injili ya Mungu, roho yake mwenyewe.

Roho yake, kwa watu wa majuma machache! Paulo alijua fika kwamba yeye ni wa kupita, maana maisha yake yote ya utume yalikuwa ya kupita. Hakuiona hiyo kuwa sababu ya kujipunja kwao.

Hapo ndipo namkumbuka mwalimu mmoja ambaye watu wa Hokkaido bado wanamtaja. William Smith Clark alikuwa mkuu wa chuo cha kilimo cha Massachusetts, Marekani. Serikali ya Japani ilipotaka kuiendeleza Hokkaido, ilimwalika aje aanzishe chuo cha kilimo katika mji wa Sapporo. Alipewa likizo ya mwaka mmoja tu na waajiri wake. Alifika katikati ya mwaka 1876, na Aprili 1877 aliondoka. Sapporo kwenyewe alikaa kama miezi minane.

Kumbukeni hali ya nchi wakati huo. Ukristo ulikuwa umepigwa marufuku Japani kwa zaidi ya miaka 200, na mbao za tangazo la marufuku hiyo ziliondolewa hadharani mwaka 1873, miaka mitatu tu kabla Clark hajafika. Kuroda Kiyotaka, kiongozi aliyesimamia maendeleo ya Hokkaido, alitaka wanafunzi wafundishwe maadili. Clark akasema yeye hajui kufundisha maadili bila Biblia. Walivutana juu ya jambo hilo, na mwisho Kuroda akamwachia. Basi vijana wale wakafundishwa mimea na udongo, na Maandiko pia. Sheria ndefu za nidhamu zilizokuwa zimeandaliwa alizifuta, akawataka wawe waungwana, basi. Machi 1877, mwezi mmoja kabla ya kuondoka, aliandika agano la waaminio katika Yesu, na wanafunzi wake wakalitia sahihi.

Siku ya kuondoka walimsindikiza kwa farasi hadi Shimamatsu, nje ya Sapporo. Huko ndiko inakosimuliwa kwamba aliwaambia maneno ambayo kila mtoto wa shule Japani anayajua, kwamba vijana wawe na makusudi makubwa, kisha akamgeuza farasi akaenda zake. Sanamu yake iko juu ya kilima cha Hitsujigaoka, mkono umenyooshwa mbali, na watalii hupiga picha wakiiga mkono ule. Mimi nadhani watu wanashika neno lile wakaacha lililo kubwa zaidi. Maneno ya kuaga hata mgeni wa siku mbili anaweza kuyasema. Ile karatasi yenye sahihi ndiyo inayoonyesha alivyoishi nao miezi minane.

Tazameni kilichofuata. Baadaye mwaka huohuo wa 1877 likaingia darasa la pili. Clark alikwisha kuondoka. Vijana hawa hawakuwahi kukaa darasani mwake. Kaka zao wa darasa la kwanza ndio waliowapelekea lile agano. Mmoja wao, Uchimura Kanzo, alieleza baadaye kwamba alilitia sahihi kwa shingo upande, kwa kushinikizwa na wakubwa zake. Mwingine alikuwa Nitobe Inazo. Mwaka 1878 walibatizwa na mmisionari wa Kimethodisti. Uchimura ndiye aliyekuja kupoteza kazi ya ualimu mwaka 1891 kwa kusita kuinama kwa heshima kamili mbele ya hati ya mfalme, na baadaye akawa mwalimu wa Biblia aliyesomwa nchi nzima. Nitobe alifika kuwa naibu katibu mkuu wa Shirikisho la Mataifa, lile lililotangulia Umoja wa Mataifa, kule Geneva, na kwa miaka 20 hivi, kuanzia 1984, sura yake ilikuwa kwenye noti ya yeni 5,000.

Naye Clark? Alirudi Marekani, na miaka michache baadaye akaingia katika biashara ya migodi. Kampuni ikaanguka, fedha za watu zikapotea, heshima yake ikaharibika mjini kwake. Alifariki mwaka 1886 bila kuiona tena Japani. Inasimuliwa kwamba alipokuwa mgonjwa kitandani alimwambia mchungaji wake kuwa faraja aliyobaki nayo alipotazama maisha yake ilikuwa ile miezi ya Sapporo. Sisemi hili ili tumfanye mtakatifu. Nasema kwa sababu mtu huyu alikuwa na miaka mingi ya cheo nyumbani, na katika yote hayo aliyoyashika mwishoni ni muda wa mkataba mfupi, ugenini, kwa watu ambao alijua tangu mwanzo kuwa atawaacha.

Mtaniuliza: sasa sisi ambao hatupewi ruhusa ya kufungua Biblia kazini tufanyeje? Swali la haki. Shule ya serikali Japani leo haifundishi dini ya upande wowote. Sheria ya elimu inakataza. Niliiheshimu sheria hiyo, na naamini muumini anapaswa kuiheshimu kwa moyo mweupe, maana watoto wa watu wamewekwa mikononi mwetu kwa kuaminiwa. Ila Paulo anataja vitu viwili alivyowapa Wathesalonike, na hicho cha pili hakuna sheria inayokizuia.

Niwaeleze jambo dogo. Shule za Japani wanafunzi wenyewe ndio wanaofanya usafi. Baada ya chakula cha mchana muziki unasikika kwenye vipaza sauti, madawati yanasukumwa upande mmoja, na kila kikundi kinakwenda sehemu yake: ngazi, vyoo, korido. Mkataba wangu haukunidai kushiriki. Ningeweza kubaki ofisini na kikombe changu cha chai. Nilichagua kwenda korido ya ghorofa ya pili na kupiga deki na watoto. Pale alikuwapo kijana mmoja wa kidato cha pili ambaye kwenye kipindi changu hakuwahi kufungua mdomo. Ukimwuliza swali anatazama dawati mpaka unahamia kwa mwingine. Siku moja aliniangalia nikikamua tambara langu kwa namna yetu, mikono miwili sambamba, maji yakinitiririkia mpaka kwenye viwiko. Akasogea. Bila neno akalichukua, akalisimamisha wima, mkono mmoja juu na mwingine chini, akalisokota, maji yote yakashukia kwenye ndoo. Akanirudishia nijaribu. Nikakosea, akarekebisha vidole vyangu kimoja kimoja. Nilipopata, akatikisa kichwa kukubali, kwa uzito kama mkaguzi.

Kuanzia siku hiyo nilikuwa na mwalimu katika shule ile. Tulipiga deki pamoja muhula hadi muhula, tukisukuma matambara tukiwa tumeinama, theluji ikirundikana nje ya madirisha. Kiingereza alichoniambia kwa kipindi chote hicho kingejaa kiganjani. Lakini alianza kunisubiri kwenye ngazi. Na siku ile ya ukumbini, nilipokuwa nashuka jukwaani, alikuwa amesimama mwisho wa safu akilia waziwazi mbele ya wenzake, kijana wa umri ambao wavulana hawalii hadharani.

Sikumhubiria. Sina habari za maisha yake ya leo, wala sina agano lenye sahihi za wanafunzi. Nilichokuwa nacho cha kumpa kilikuwa kuwapo pale, magotini, saa ambayo haikuwa ya lazima, nami nilimpa. Bwana anajua atakavyokitumia.

Na hapa nataka tukae na sehemu ya pili ya somo, kwa sababu ndiyo inayosahauliwa zaidi. Paulo anasema ametengwa nao kwa uso, si kwa moyo. Alijaribu kurudi akazuiwa. Alipoona hawezi kuvumilia tena, alikubali kubaki peke yake Athene ili Timotheo aende kuwatazama. Aliogopa taabu yake isije ikawa bure. Mtume mzima, mwenye ufunuo wote ule, hakuwa na amani mpaka Timotheo arudi na habari. Na habari zilipokuja njema, aliandika kwamba sasa anaishi, iwapo wao wanasimama imara katika Bwana.

Basi tusidhani kwamba kuondoka vizuri ni kuondoka bila maumivu. Nimesikia waumini wakishauriana wafunge ukurasa, wasiangalie nyuma, wasije wakawa kama mke wa Lutu. Ndugu zangu, mke wa Lutu aliutamani mji uliokuwa ukihukumiwa. Paulo aliwalilia watu aliowapenda. Tusiyachanganye. Ukiondoka mahali na huumii kabisa, jiulize mbele za Mungu ulikuwa umewapa nini. Na ukiumia, usilione hilo kuwa upungufu wa imani. Ombea majina. Andika barua. Kama yuko wa kumtuma, mtume. Nchi ambayo Wakristo wote kwa ujumla ni karibu asilimia 1 tu ya watu inahitaji waombaji walioishi humo, wanaokumbuka korido na nyuso, kuliko inavyohitaji wageni wa kuja kuishangaa.

Wiki hii naomba kila mmoja asome sura ya 2 na ya 3 za waraka huu kwa mkao mmoja, kisha aandike majina ya watu wa mahali alipowahi kuishi akaondoka. Jumatano tutakapokutana kwa maombi, tuje na majina hayo.

Tuombe.

Baba, wako watoto wako wanaofunga mizigo mwezi huu, Japani na Uarabuni na kwingine, na wengine wamefika juzi na tayari wanahesabu miezi. Wape ujasiri wa kutoa nafsi zao kwa watu ambao hawatakaa nao. Wakumbuke wanafunzi wetu wa zamani, majirani wetu wa zamani, wote ambao hatujui wanaendeleaje. Kumbuka kijana yule wa korido ya ghorofa ya pili. Jina lake unalijua. Mpelekee mtu wa kumwagilia pale sisi tulipoishia. Na kanisa lako la Japani, dogo kwa hesabu ya wanadamu, lipe wachungaji, lipe vijana, lipe furaha. Katika jina la Yesu. Amina.