Picha za watu kwa mwanga wa jua, Mji Mkongwe

Zanzibar iko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta, na jua lake huchomoza na kuzama karibu wima. Likiwa nyuzi 10 juu ya bahari, zimebaki kama dakika 40 lizame. Familia yenye watoto wadogo huzimaliza dakika hizo kabla hawajatulia. Kwa hiyo picha za watu nazipiga zaidi mchana, na nimeona vichochoro vya Mji Mkongwe vinafaa kuliko ufuo.

Kuanzia saa 3 hadi saa 5 asubuhi, na saa 8 hadi saa 10 alasiri, natafuta kichochoro ambacho ukuta mmoja umepakwa chokaa na unapigwa na jua, na wa pili una kivuli. Namsimamisha mtu kivulini, uso ukielekea ukuta mweupe. Mwanga unaorudi kutoka pale ni mpana na laini, wala haukunjishi uso. Kabla ya kupiga natazama macho: lazima kila mboni iwe na mng'ao mmoja mpana. Usipoonekana, namgeuza kidevu kidogo kidogo mpaka utokee.

Ukuta wa kijani au wa manjano naupita. Rangi yake hupaka shavu la upande mmoja tu, na kompyuta hairekebishi upande mmoja bila kuharibu wa pili. Hata kanga nyekundu iliyofungwa karibu na shingo hufanya hivyo chini ya kidevu.

Saa 6 mchana kuta hazisaidii, kwa kuwa jua liko utosini: macho huwa mashimo meusi na kivuli cha pua huangukia mdomoni. Hapo namwingiza mtu mlangoni, kama mita moja ndani ya kizingiti. Paa linakata mwanga wa juu, na sakafu iliyo juani mbele yake inaurudisha usoni. Sakafu ikiwa nyeusi, natandika shuka jeupe. Akikaa barazani yenye kipaa, ni vilevile.

Kamera naianzia f/4 (upana wa tundu la lenzi), kasi ya 1/250 ya sekunde, na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100 au 200. Kinachoharibu picha nyingi ni kipimo cha mwanga cha kamera. Mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe, kamera huona weupe mwingi na kuifanya picha nzima iwe giza. Naongeza +1 kwenye kirekebisho cha mwanga cha kamera, mara nyingine +1.3. Nyuma yake kukiwa na ukumbi wenye giza, kamera hufanya kinyume, uso ukapauka na kupoteza ule mng'ao mzuri wa ngozi. Napunguza hadi -0.7. Kwa kanzu nyeupe naangalia histogramu (grafu ya mwanga wa picha) isigonge ukingo wa kulia, maana nyuzi za darizi zikishaungua, yaani kuwa weupe mtupu, hazirudi, hata ukipiga RAW (faili ghafi ya kamera).

Kwenye mpangilio wa rangi ya mwanga (white balance) wa kamera, sichagui alama ya kivuli. Alama hiyo, kama 7000K (K ni Kelvin, kipimo cha rangi ya mwanga), imekusudiwa kivuli kinachopata mwanga wa anga la buluu. Mwanga wa ukutani ni wa jua lenyewe, kwa hiyo 5500K inatosha. Ukiweka 7000K ngozi inageuka manjano.

Jioni naenda Forodhani, bustani ya kando ya bahari inayotazama magharibi, na jua likishazama sifungi begi. Kwa robo saa hivi anga la baharini huangaza uso bila kivuli kikali. Nafungua lenzi hadi f/2 na kupandisha ISO hadi 800, kasi isishuke chini ya 1/125, kwa sababu watoto hawasimami.