Kumhesabu Mnyama Usiyemwona

Katika msitu mnene wa tropiki, mtafiti anaweza kutembea wiki nzima asimwone chui hata mmoja, ilhali chui wenyewe wamemwona mara nyingi. Nilianza kwa kufuata nyayo, na ninakiri kwamba zilinichosha upesi, kwa sababu majani makavu hayahifadhi alama na mvua moja hufuta kazi ya asubuhi nzima.

Kamera za kutegea ndizo zilizobadili mawazo yangu. Hufungwa kwenye shina la mti, kwa kimo cha goti hivi, kando ya njia ya wanyama, nazo hupiga picha zenyewe kihisi kinapotambua joto la mwili unaosogea. Kwa chui, simbamarara na jagwa (paka mkubwa mwenye madoa wa Amerika), ni vyema zifungwe mbili zinazotazamana, kwa kuwa madoa au milia ya ubavu wa kushoto hailingani na ya kulia, na mnyama mmoja anaweza kuhesabiwa mara mbili. Mwaka 1995, mtafiti wa wanyamapori K. Ullas Karanth alionyesha, kwa simbamarara wa Nagarahole nchini India, jinsi picha hizo zinavyoweza kutumika katika hesabu ya kunasa na kunasa tena, yaani kulinganisha wanyama wanaorudi kupigwa picha na wale wapya, ili kukadiria hata wale ambao hawakupigwa picha.

Kwa wanyama wasio na madoa, kinyesi husaidia zaidi, maana hubeba vinasaba vinavyomtofautisha kila mnyama. Lakini ni lazima kiokotwe mapema na kukaushwa vizuri, kwani unyevu na wadudu hukiharibu upesi kuliko mgeni wa msituni anavyodhani.