Nilivyopeleka maoni ya wakulima wa tumbaku bila barua ya kampuni

Hapa Urambo, maoni juu ya sheria ya kudhibiti tumbaku yalipotakiwa, ushauri ulikuwa mmoja tu: sheria za tumbaku zinatoka kwa wazungu, mkulima utasema nini? Saini barua ya kampuni, kula posho, rudi shambani. Ushauri wa ovyo, na waliouvalia njuga ni wajumbe wa bodi ya chama chetu cha msingi cha ushirika!

Barua yenyewe niliishika. Imechapwa vizuri, jina la chama limeachiwa nukta tujaze wenyewe. Inalia kwamba matangazo ya sigara yakibanwa, watoto wetu watakosa ada. (Matangazo ya sigara na bani langu la kukaushia tumbaku wapi na wapi?) Vyama jirani vikasaini. Siku ya kikao cha kukusanya maoni, afisa wa afya alizipanga mezani, zikafanana mpaka kosa: neno "wakulima" limekosewa herufi, aya ya pili, zote. Ukumbi mzima kicheko. Akasoma Ibara ya 5.3 ya Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku, ambao Tanzania iliuridhia 2007: sera za afya zilindwe dhidi ya maslahi ya kampuni za tumbaku. Barua zikawekwa kando.

Yangu ilikuwa ya mkono, karatasi ya daftari. Mkataba niliusoma kwenye simu, bando la buku likatosha na chenji. Wenzangu waliishia pale panapotisha. Mimi nikashuka hadi Ibara ya 17, inayotaka nchi wanachama zihimize shughuli mbadala zenye faida kwa wakulima wa tumbaku. Basi nikawaambia: sigara dhibitini, sina ugomvi. Sheria yenu ni ya 2003, mkataba mmeuridhia baadaye, zioanisheni. Ila mkishika 5.3, na 17 mshike. Wa alizeti naye akopeshwe mbolea kama wa tumbaku, na mnunuzi ajulikane kabla ya mvua. Chini nikaweka hesabu ya msimu: mbolea, vibarua, kuni, na kile kinachobaki baada ya makato. Ukiandika maoni weka hesabu, vilio wameshavizoea. Hata wanaharakati wa kupinga tumbaku, ambao nao wana lao, walinyamaza wakanakili.

"Mzee wangu, hii nani kakuandikia?" afisa akauliza. Nikamwambia alinganishe na mwandiko wangu kwenye karatasi ya mahudhurio.

Hoja ya alizeti iliingia kwenye taarifa. Ya mikopo akasema niipeleke ushirika, na huko nimeshaipeleka, nakala ninayo imegongwa muhuri. Nje, kijana wa kampuni akanifuata anaomba aipige picha barua yangu. Nikamwambia akaandike yake.