Dakika sita za Mama kwenye baraza la jiji

Mara ya kwanza niliposimama mbele ya baraza la jiji letu, huku kusini mwa California, muda wangu uliishia kwenye salamu. Mimi nimekulia Kigoma. Kwenye mkutano wa hadhara kwetu huanzi na shida yako. Unaanza na mheshimiwa huyu na mheshimiwa yule, unawaamkia wazee waliokaa mbele, unashukuru kwa kupewa nafasi, ndipo useme. Nikafanya vivyo hivyo kwa Kiingereza. Pale mimbarini kuna kitaa kidogo: kijani endelea, njano malizia, nyekundu kaa. Njano iliwaka sijaitaja hata barabara yenyewe. Nikaanza kukimbiza maneno, "tunaomba zebra pale karibu na shule", mara kipaza sauti kikazimwa. Meya akasema asante, akaita jina linalofuata. Dakika tatu zimekwisha.

Kilichoniuma zaidi ni yule aliyenifuata. Alimwambia diwani mmoja waziwazi kwamba ni mwongo na hafai, na mengine ambayo siyaandiki hapa. Nikamtazama askari wa mlangoni, nikijua sasa ataenda kumshika. Hakusogea. Jamaa akamaliza kabla hata taa haijawa njano, akarudi kukaa, meya akamshukuru kama alivyonishukuru mimi.

Nilikwenda nyumbani na maswali, nikaanza kusoma. California ina sheria ya mikutano ya wazi, ya mwaka 1953, inayoitwa kwa jina la mbunge aliyeipeleka, Ralph M. Brown. Kwa sheria hiyo baraza haliwezi kumkataza mwananchi kukosoa sera, huduma au utendaji wao, ila linaruhusiwa kuweka kikomo cha muda. Sheria nyingine, iliyoanza kutumika 2023, inamtaka mwenyekiti wa kikao amwonye kwanza anayevuruga kabla ya kumtoa nje, isipokuwa aliyetumia nguvu au kutoa vitisho vya kweli. Basi nikaelewa: adabu ya mle ndani iko kwenye saa na zamu. Ukali wa maneno wanauvumilia. Mimi bado naona yule jamaa hana adabu, lakini hilo ni langu.

Humo humo nikakuta kipengele kilichonifanya nisimame kitini. Kama baraza limeweka kikomo cha muda na halina vifaa vya kutafsiri papo kwa papo, anayezungumza kupitia mkalimani lazima apewe angalau mara mbili ya muda wa wengine. Dakika tatu zinakuwa sita.

Nikaenda kwa jirani yangu, mama wa Uvira, mashariki mwa Kongo, ambaye mjukuu wake alikoswakoswa na gari kwenye barabara ile ile. Nikamwambia, "Mama, safari hii utasema wewe. Mimi nitakuwa mdomo wako tu."

Tulifanya mazoezi jikoni kwake, simu imewekwa juu ya meza inahesabu. Zoezi la kwanza lilikuwa balaa. Alianzia Uvira, vita ya 1996, kuvuka ziwa, miaka ya kambini, ndege. Simu ikalia tukiwa bado kambini. "Mama, tukipitia Uvira hatutafika shuleni," nikamwambia. Akaweka mwiko chini. "Sasa banijue namna gani?" Sikuwa na jibu zuri. Tukakubaliana sentensi moja tu ya kumtambulisha, kisha gari, kisha mtoto, kisha ombi. Aseme kidogo, anyamaze, nitafsiri, aendelee. Zoezi la nne tulitumia dakika tano na sekunde arobaini.

Majirani nao niliwapa somo: usiongee na mtu wa pembeni, usimgeukie aliyekupinga, maneno yote yaelekezwe kwa meya. Kupiga makofi hakuna. Ukifurahi, inua mikono na uitikise hewani kama wafanyavyo viziwi. Wakacheka, wakakubali.

Siku ya kikao niliwahi kujaza fomu kwa karani wa jiji, nikaandika chini kabisa kwamba tuna mkalimani. Mama alipanda na kitenge chake cha sikukuu. Alipofika pale mjukuu alipodondosha begi katikati ya barabara na gari likapita juu ya begi, ukumbi ulinyamaza kabisa. Na mimi sauti ilinikwama, nikapoteza sekunde kadhaa kumeza mate. Tukamaliza njano ikiwaka.

Kisha zikapigwa vigelegele. Nilikuwa nimekataza makofi, vigelegele sikuvitaja. Meya akagonga nyundo yake na kuomba utulivu, kwa sauti ya kawaida tu, na wamama wakaziba midomo kwa mikono. Halafu akasema asante, akaita jina linalofuata. Hakuna diwani aliyejibu neno.

Tulipokaa Mama akaninong'oneza, "Bamekasirika?"

Kumbe hilo ndilo nililosahau kumwandaa nalo. Jambo ambalo haliko kwenye ajenda, madiwani hawaruhusiwi kulijadili wala kuliamulia siku hiyo. Wanaweza kujibu kwa ufupi tu au kuwapa watendaji wao walifuatilie. Ajenda ya kikao cha kawaida lazima ibandikwe saa 72 kabla, ili mwenye neno ajue aje. Nilimweleza hayo ndani ya basi, akaniangalia kama mtu anayetetea wakwe zake.

Kabla hatujatoka, kijana wa ofisi ya diwani wa eneo letu alikuwa amenifuata kwenye korido kuchukua namba yangu ya simu. Wiki saba zilipita. Ijumaa moja nikapigiwa, nikampitia Mama, tukaenda hadi ukumbini kusoma karatasi iliyobandikwa kwenye kioo cha mlango. Namba 14 ilikuwa barabara yetu. Nikamsomea. Akaniambia nirudie, polepole, huku akifuata mistari kwa kidole juu ya kioo.

"Sasa banaweza kunijibu?"

"Sasa wanaweza, Mama."

Akauliza kama safari hii sentensi ya Uvira inaweza kuwa mbili.