Nilivyoishika beringi iliyokuwa inazungukia kwenye shafti

Mota ya pampu ilikuwa inachemka upande mmoja, nikaifungua nikakuta ringi ya ndani ya beringi inazunguka juu ya shafti, na pale inapokaa pamelika mpaka panang'aa. Wengi hapo wanajaza kwa welding halafu shafti inaenda leithi (mashine ya kuchongea chuma), na ikilika sana ndo dawa yake, ila nilipopima kwa maikromita nilipata tofauti ya kama 0.06 mm kwenye kipenyo, na tofauti hiyo kuna gundi maalumu ya kushikia beringi inaimudu vizuri tu.

Kilichonisaidia ni kujua hii gundi inagandaje, manake haisubiri hewa iikaushe, yenyewe inaganda ikikosa hewa huku imegusana na metali, ndo maana hata chupa yake hawaijazi, ile hewa ya juu ndo inaifanya ibaki majimaji. Chuma cha kawaida na shaba vinaigandisha haraka, stenlesi na vitu vyenye zinki vinaichelewesha sana, na shafti yangu ni stenlesi, kwa hiyo nikatafuta na aktiveta, dawa ya kuharakisha gundi igande, ya kupaka kwanza.

Nilikuwa nachagua kati ya gundi mbili za Loctite, 638 na 641. 638 inashika hasa na inaziba mpaka 0.25 mm, ila beringi ni kitu cha kubadilishwa siku moja, sasa uifunge kwa nguvu zote za nini? Nikachukua 641 yenye nguvu ya kati.

Usafi ndo nilioutilia mkazo kuliko yote. Asetoni, kitambaa, asetoni tena, mpaka kitambaa kinatoka cheupe, maana mafuta kidogo tu yanaharibu kazi. Nikapaka aktiveta nikaiacha ikauke, nikazungushia gundi kwenye shafti tu, nyembamba, isije ikaingia kwenye gololi, nikaingiza beringi huku naizungusha taratibu ili gundi ienee. Iliyochuruzika nje haikuganda na haitaganda kwa sababu ina hewa, hiyo futa tu usiitumie kupima kama ndani kumeshika.

Nikaiacha masaa 24 bila kuigusa, na hayo ni kwa joto la kama 22°C, kukiwa na baridi inabidi usubiri zaidi. Mota sasa inazunguka kimya na joto la pande zote mbili liko sawa. Siku ya kuitoa nitapasha ile ringi mpaka kama 250°C niivute na pula (kifaa cha kuvutia beringi) ikiwa bado ya moto, ikipoa gundi inashika tena.