Leo bibi amejiona kwenye shuka

Nimerudi sasa hivi kutoka Mikindani, bado natetemeka.

Miaka 4 nimepiga video za harusi hapa Mtwara mjini, kila nilichopata nikiweka kando kwa ajili ya filamu yangu mwenyewe. Dakika 12 tu, nimeipiga msimu wa korosho kwa kamera ya kukodi.

Leo tukatundika shuka jeupe ukutani, majirani wakakaa mkekani.

Ikafika sehemu bibi anabangua korosho, mikono kaipaka jivu ili mafuta ya maganda yasimuunguze.

Bibi mwenyewe akanyanyuka pale mkekani. Akaenda mpaka kwenye shuka, akaishika ile mikono.

"Kumbe imezeeka hivi," akasema taratibu.

Kimya. Watoto nao kimya.

Sasa naipeleka ZIFF, lile tamasha la filamu la Zanzibar. Mliowahi kupeleka filamu huko, mlianzaje? Niambieni jamani.